Mtunzi Hajulikani

Kijana aliyeshika kipaza sauti kwenye msiba wa Veronika alitangaza kwamba sasa kwaya ingetuimbia wimbo wa asili wa bonde letu la Kilombero, wimbo wa zamani ambao mtunzi wake hajulikani. Mtunzi wake alikuwa ndani ya jeneza lililokuwa mbele yake. Angenyoosha mkono angeligusa. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki vya wazee, soda ya moto mkononi, nikahisi damu inanipanda kichwani. Daktari pale Ifakara amenikataza hasira kwa sababu ya presha. Alinikataza chumvi pia, na chumvi nimeiacha. Mzee mwenzangu akanivuta shati akisema, "Damasi, kaa," ndipo nikagundua kuwa nilikuwa nimesimama. Nikakaa, kwa kuwa kwaya ilikuwa imeshaanza, na wimbo wa mtu haukatizwi. Hilo walau sisi tulifundishwa. Waliuimba vizuri, siwezi kuwasingizia. Lakini nilijua wangeishia wapi, kwa sababu wote wanaishia palepale, na wakati nikiusubiri huo mwisho wao mbovu niliukumbuka mwaka wenyewe.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala babu yangu alikuwa nani. Katika ukoo wetu wapo wanaozipenda habari hizo na watazieleza bila kuombwa. Ninachotaka kusema ni cha mwaka mmoja tu, katika miaka ya hamsini, tukiwa bado chini ya Mwingereza, kuanzia kiangazi kimoja hadi kiangazi kilichofuata. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule ya misheni, sina mke, sina shamba, nina sauti nzito tu, na kwa sauti hiyo nikaajiriwa kuwa msemaji wa gari la sinema la serikali. Filamu zetu zilikuwa bubu. Zilionyesha watu wa nchi nyingine wakipanda mpunga kwa mistari, au mbu aliyekuzwa hadi akawapita ng'ombe, nami nikakaa kando ya kitambaa cheupe nikieleza kwa Kiswahili. Ili watu wasichoke, dereva wetu, Mzee Shabani, aliweka santuri kwenye gramafoni ya gari ikalia chinichini nyuma ya maneno yangu. Kazi ya ile santuri ilikuwa kujaza kimya ninapovuta pumzi. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa siku ya kwanza, na kwa wiki chache niliamini.

Vifaa tulivitunza katika stoo ya bati nyuma ya ofisi ya serikali pale Ifakara. Mchana mle ndani palikuwa moto kama tanuri, na joto ni adui wa santuri, inapinda kama chapati. Mzee Shabani alizilaza kwenye sanduku la mbao, akafunika kwa gunia lililoloweshwa maji, akawa analigeuza gunia kama mama anayemgeuza mtoto mwenye homa. Alipomaliza kuswali adhuhuri tulikula. Alipika yeye, maana alisema Wakatoliki hatujui kupika samaki: wali wa mchele mpya, kambale aliyekaushwa kwa moshi, nyanya chungu na pilipili moja nzima iliyoelea juu bila kupasuliwa. Baada ya kunawa tulijaribu santuri za safari ijayo. Hazikuwa za dansi wala za kanisani. Zilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya watu wa filamu na redio peke yao. Ukiwa na picha ya soko unatoa santuri ya soko, ukiwa na picha ya treni unatoa ya treni. Hazikuuzwa dukani, na hakuna mtu aliyezinunua azisikilize nyumbani kwake. Kwenye ile karatasi ya duara katikati paliandikwa namba, muda wake, na maelezo mafupi. Moja iliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya mavuno, ya furaha, bila haraka. Chini kabisa, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani, palikuwa na jina: R. Pellow. Sisi tulimwita Pelo.

Nitajaribu kueleza alichofanya huyu Pelo, ingawa muziki hauelezeki. Fidla nyingi zinaanza kwa chini, kama watu wanaotoka shamba wakizungumza njiani, hakuna anayemkimbilia mwenzake. Zinairudia ile tuni mara ya pili, unadhani umeshaijua. Mara ya tatu inapanda kidogo kupita ulipotegemea, na hapo filimbi moja inaichukua peke yake, inakaa nayo kule juu, halafu inaishusha taratibu na kuikabidhi kwa fidla, zinaipokea kana kwamba hazikuwahi kuiachia. Basi. Dakika chache tu. Nilikuwa nimeimba nyimbo za misheni tangu utoto na nimecheza ngoma za kwetu, lakini sikuwahi kusikia kitu kilichotungwa kwa uangalifu namna ile halafu kikapewa kazi ya kukaa chini ya habari za choo. Mzee Shabani aliisikiliza akiwa amefumba macho, mkono kwenye ndevu. Siku moja alisema, "Huyu mtu amewahi kumsubiri mtu." Mimi nilikuwa nawaza kwamba huyu mtu anafunikwa kila siku, na anayemfunika ni mimi.

Nikaanza kunyamaza. Kwenye maonyesho ya Lupiro, ng'ambo ya mto, filimbi ilipokaribia nilifunga mdomo, picha za mbolea zikapita bila maelezo, na watu walioketi kwenye majani wakawa kimya pamoja nami. Afisa habari wetu hakulipenda jambo hilo. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole wa sura, mwenye Kiswahili cha vitabuni kisichokosea hata kidogo, na aliyapenda mambo ya Mwafrika kwa mapenzi ya kuchosha. Aliniambia nalipwa kusema. Nikamwambia watu wanausikiliza muziki. Akacheka, si kwa ubaya, akasema ule si muziki wa kusikilizwa, ni wa kujazia tu, na kule kwao hakuna mtu anayejua nani kautunga wala anayejali. Nimekutana na watu wengi wabaya maishani, na wengi wao niliwasamehe kwa sababu walijua kuwa ni wabaya. Yule bwana alikufa akijiona rafiki yetu, nina hakika.

Kisha tukaenda Mofu. Tulionyesha filamu ya mpunga mara moja, watu wakawacheka wale wapandaji wa mistari kwamba udongo wao mkavu kama unga, na asubuhi yake, tukifunga turubai, akaja mwanamke kijana amebeba kambale wawili waliochomwa kwenye jani la mgomba. Alipiga goti kidogo kumpa Mzee Shabani shikamoo, akasema anaitwa Veronika, mke wa Filipo, na kwamba samaki wale si wa bure. Alitaka kuisikia tena ile ya filimbi. Mzee Shabani aliitafuta, akaiweka, akairudia, akairudia tena, na Veronika akasimama mkono juu ya mlango wa gari, midomo inatikisika bila kutoa sauti. Ilipoisha aliuliza, "Mwenyewe nani?" Hakuuliza inaitwaje wala imetoka wapi. Afisa, aliyekuwa akinywa chai yake karibu, akajibu kabla yangu kwamba haina mwenyewe, mama, ni ya kujazia picha. Veronika alimwangalia kwa adabu yote. Akasema, "Kitu kitamu hivi kikose mwenyewe?" Nikamsomea jina. Akalitamka mara mbili, Pelo, Pelo, kama mtu anayeonja chumvi, akaenda zake.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hasira yangu itaonekana ya kizee tu. Kwetu mtunzi hajitaji mwanzoni mwa wimbo. Kujitaja mwanzoni ni majivuno. Unawaimbia watu kwanza, unawaacha waucheze, wauchambue, wenye wivu waulizane ni wa nani huu, na ubeti wa mwisho ndipo unasema aliyewaimbia ni fulani wa mahali fulani. Kama uliazima kitu kwa mwenzio, tuni au neno, unamtaja palepale. Hiyo inaitwa kufunga wimbo. Wimbo usiofungwa ni wa kuokotwa, na mwimbaji mwenye heshima yake hauachi wimbo wazi, kama vile asivyoacha mlango wazi akienda mtoni. Nyimbo za watoto na za walevi ndizo huachwa wazi.

Mvua zikaja, njia zikajaa maji, gari likalazwa Ifakara juu ya magogo. Sinema hakuna, nami nikaenda Mofu kumsaidia shangazi yangu kuamia mpunga. Asiyeijua hali ya bondeni ajue kwamba miezi ile kijiji kinahama. Familia zinaenda kuishi mashambani, kwenye madungu, yale mabanda ya miti yaliyoinuliwa juu ya maji, na kutoka alfajiri hadi jua linazama kazi ni kupiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo ndege wasimalize mpunga. Unakula unachokipata: wali wa jana, perege wa kuchemsha, mlenda. Unazungumza na jirani kwa kupaza sauti juu ya mashuke, na siri hakuna. Siku ya pili nikiwa juu ya dungu la shangazi nilisikia kutoka dungu la tatu tuni ya Pelo inakuja juu ya mpunga. Ilikuwa na maneno ya Kindamba, lugha yetu ya bondeni, imepunguzwa mwendo kidogo, na pale filimbi inapopanda, sauti ya mwanamke ilipanda palepale, ikakaa, ikashuka. Wanawake wa madungu mengine wakaitikia zile sehemu za fidla. Shangazi aliniuliza kwa nini nimeacha kombeo, ndege wamejaa. Nilikuwa nalia, na sikuona haya.

Niliomba mtumbwi nikaenda hadi kwenye dungu lake. Alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la mafiga matatu lililotengenezwa kwa udongo juu ya mbao, mtoto wake wa kike amelala pembeni chini ya kanga. Akanikaribisha, akanipa togwa, na bila mimi kuuliza akanieleza wimbo ni wa nini. Mume wake, Filipo, alikuwa amejiandikisha manamba, akapelekwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa mashariki, mwaka wa pili sasa. Salamu ambazo Veronika alimtumia kwa watu hazikurudi na jibu. Mara ya mwisho walikuwa wameagana kwa ugomvi. Yeye alikuwa amesikia kwamba makambi ya mkonge yamewekewa redio juu ya mlingoti, na jioni ya Jumapili manamba wote hukaa chini yake. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza kama mtu wa Mofu anaweza kuimba kwenye redio hiyo. Nikamwambia afisa wetu ameahidiwa mashine ya kurekodi, na wakati wa mavuno atazunguka kutafuta nyimbo za asili. Akapindua ugali kwenye ungo, kisha akaniimbia wimbo mzima polepole hadi ubeti wa mwisho, ambao aliuweka kwa Kiswahili ili hata wasio Wandamba waelewe. Ubeti huo ulikuwa na mambo matatu: jina lake, jina la Pelo, na neno moja kwa Filipo. "Nataka arudi," alisema. "Mengine yote ni mapambo."

Mavuno yalipofika afisa alikuja Mofu na mashine yake kwenye sanduku lenye vishikio vya shaba. Wanawake walikuwa wanapiga mpunga, makapi yanaruka, na uwanja wote unanukia majani makavu na pombe ya mchele iliyokuwa ikichachuka kwa ajili ya wasaidizi. Aliiweka mashine juu ya boneti la gari, akawapanga waimbaji kama watoto wa shule, akaeleza kwamba akiinua kidole waanze. Nilimweleza mapema kwamba wimbo huu una ubeti wa kufungia, asikate kabla. Akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mtu anayesoma saa yake. Akainua kidole. Veronika akaanza, wenzake wakaitikia, na Mzee Shabani aliyekuwa ameegemea tairi akanitazama akatabasamu, kwa kuwa ilikuwa Pelo mtupu na haikuwa Pelo tena. Ikafika kwenye filimbi, ikapanda, ikashuka, wanawake wakaipokea. Afisa akageuza swichi, magurudumu ya mashine yakasimama. Veronika hakuwa anaitazama mashine, alikuwa amefumba macho. Akauimba ubeti wa mwisho wote, jina lake, jina la Pelo, neno la Filipo, mbele ya chombo kilichokuwa kimeshafungwa, na wakati anauimba yule bwana alikuwa anakunja waya kwenye kiwiko chake.

Nilimwambia amekata ubeti wa mwenye wimbo. Akaniambia dakika zilizotengwa na redio zimekwisha, na tena, nyimbo za asili hazina mwenyewe, ni za kabila zima, uzuri wake ndio huo. Halafu akairudisha mashine tusikilize. Ile sehemu ya filimbi ilipofika alinishika bega. Nayakumbuka maneno yake kama sala. "Sikia inavyopanda pale, Damasi. Hii ni ya mamia ya miaka. Mzungu hawezi kutunga kitu kama hiki."

Alikuwa ameisikia tuni ile Ifakara, Lupiro, Sanje chini ya milima, na hapohapo Mofu, mwaka mzima, kila tulipotandika kitambaa. Alikuwa ameisikia akinywa chai. Hakuwahi kuisikiliza hata mara moja, na sasa alikuwa na machozi machoni. Nikamwambia tuni hiyo iko kwenye santuri zetu, ni ya Pelo, Mwingereza mwenzake, na maneno ni ya huyu dada aliyesimama hapa, na vyote viwili ameviacha nje. Uso ukambadilika. Akasema kama ni kweli imetoka kwenye santuri basi anaifuta sasa hivi, kwa kuwa redio inataka nyimbo za asili tu, na kidole chake kikaenda kwenye mashine. Veronika alikuwa amenielewa hata kabla sijamaliza. Alikuja akasimama kati yetu, akaniambia kwa Kindamba, kwa sauti ya chini ambayo sitaisahau, "Nyamaza, kaka. Mwache aende nayo. Filipo anaijua sauti yangu."

Basi nikamgeukia yule bwana nikasema, "Nimekosea. Nimefananisha." Maneno hayo mawili bado yamenikaa kooni. Nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya ulimi wangu, na siku ile pekee nilipokuwa na jambo la kusema nililazimika kuumeza. Yeye akacheka kwa unafuu, akampa Veronika kipande cha sabuni na sukari, akaandika kwenye kikaratasi cha sanduku la utepe. Niliyasoma kutoka begani kwake: wimbo wa asili wa Wandamba, mtunzi hajulikani. Mtunzi alikuwa ameshika sabuni.

Wimbo ukatangazwa. Tuliusikia mara ya kwanza kwenye baraza la duka la Mhindi pale Ifakara, watu wamejazana hadi barabarani, na kila mtu wa bondeni akajivuna, na kila mtu akausikia unakatika. Wazee wakaulizana ni wa nani huu ulioachwa wazi. Niliwaeleza wale walionizunguka. Lakini mtu mmoja kwenye baraza ataeleza wangapi? Redio ilikuwa inasema hadi Tanga. Veronika alikuja Ifakara mara mbili kwa miguu kuusikia, akasimama nyuma ya wote. Hakulalamika. Alianza kuukarabati ukuta wa nyumba yake, akapaka udongo mwekundu, akanunua taa mpya. Alikuwa anamtarajia mtu, na Mofu yote ilijua.

Mwisho wa kiangazi alikuja mtu kutoka kwenye mkonge, lakini hakuwa Filipo. Alikuwa Lazaro, kijana wa Mofu aliyekaa naye kambi moja, mkataba wake ulikuwa umekwisha. Nilikuwapo, maana tulikuwa Mofu na gari, na Veronika alituita sote kula. Alipika samaki mzima, mbasa, kwa mchuzi wa ndimu na wali wa mchele uliochambuliwa punje kwa punje. Chumba kilikuwa bado kinanukia udongo mpya wa ukutani. Lazaro alikula mwanzoni kwa aibu, halafu akaulizwa lile swali, akaweka tonge chini. Alisema kuna mtu alimpelekea Filipo uongo kwamba mkewe amechukuliwa na mwingine. Filipo hakuamini wala hakukataa. Kisha redio ikaanza kupiga wimbo.

"Siku ya kwanza alisema huyu ni mke wangu," Lazaro alisimulia, akiitazama sahani. "Sisi tukamwambia subiri, kama ni yeye atajitaja. Kambi nzima ya watu wa kwetu tukanyamaza tukasubiri. Ukakatika. Jumapili nyingine akaacha kula, akaenda kukaa chini ya mlingoti, ukakatika tena. Akasema basi, kuna mtu ana sauti kama yake ameokota wimbo. Vero hawezi kuacha wimbo wazi."

Mkataba wake ulipokwisha alichukua mwingine, shamba la mbali zaidi, na Lazaro hakujua jina lake. Veronika aliinuka, akachota samaki, akamwongezea Lazaro kwenye sahani, akasema, "Kula, shemeji, umetoka mbali." Kisha akatoka nyuma ya nyumba. Tukasikia mchi unatwanga, unatwanga, na mimi niliyekuja tangu asubuhi nilijua kwamba mpunga wote ulikuwa umeshatwangwa.

Aliaminiwa mno, hilo ndilo linalonichoma. Mume wake alimjua vizuri kuliko redio ilivyomjua, na kwa kumjua hivyo akampoteza. Aliyemdhulumu hakuwa hata adui. Alikuwa mtu aliyekunja waya. Wiki ileile niliacha kazi, nikamkabidhi afisa kipaza sauti chake, nikamweleza habari ya Filipo yote, mwanzo hadi mwisho. Alisikitika sana. Alisema hicho ni kisa kizuri mno cha Kiafrika, ningekiandika. Mzee Shabani alinisindikiza hadi kivukoni, na nguoni alikuwa amefungia santuri ya Pelo, akanipa. Alisema ikiulizwa, imepinda kwa joto. Niliitunza hadi ikachakaa isiweze kulia. Mjukuu wangu ananiambia siku hizi huko Ulaya watu wanazitafuta santuri za namna ile, wanazisifu, wanauliziana watunzi. Alinitafutia Pelo kwenye simu yake, akampata, na tuni ikalia safi kabisa sebuleni kwangu. Nikamwomba anisomee wameandika nini juu yake. Akasoma: habari zake hazijulikani. Nilimwambia aizime simu, na mtoto wa watu akadhani nimemkasirikia yeye.

Veronika hakuolewa tena. Alilima, alimsomesha binti yake, aliimba kanisani na mashambani, na kila alipouimba ule wimbo aliufunga. Lakini watoto hawakuusikia kwake, waliusikia kwenye redio, halafu kwenye kanda, halafu kwa walimu wao waliousikia kwenye kanda. Kwaya iliyokuwa mbele yangu chini ya turubai iliufuata ule utepe wa yule bwana hatua kwa hatua. Filimbi ikapanda, kwa sauti ya binti mmoja mdogo mwenye kipaji cha kweli, ikashuka, wenzake wakaipokea, wakanyamaza. Kijana wa kipaza sauti akasema asante kwaya, sasa tunaingia kwenye salamu za wawakilishi.

Nilisimama. Sikumwomba kipaza sauti, nilikwenda nikakichukua mkononi mwake. Akaniambia kwa heshima, "Babu, ratiba haina nafasi," nami nikamwambia, "Haujaisha." Kikalia mluzi, mtu akakizima kule nyuma. Sikujali. Sauti yangu siku hizi imekwaruza kama santuri mbovu, ila maneno niliyajua. Nilipofika nusu ya mstari wa kwanza, bibi kizee mmoja kwenye mkeka akaitikia, kisha mwingine, wanawake wa madungu waliobaki hawafiki watano, wakiimba kwa kukaa kwa kuwa magoti hayawaruhusu. Binti yake Veronika aliyekuwa ameshika picha ya mama yake aliinua uso. Tukaufunga.

*Aliyewaimbia ni Veronika wa Mofu,*
*tuni amepewa na Pelo, mtu wa mbali.*
*Filipo, kama umesikia, njia ya nyumbani haijajaa maji.*